Sina Pingamizi

Makao makuu ya Wizara
3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zetu siku hizi zinaisha kwa mmoja kununa, na leo sitaki tununiane. Nina habari nzuri. Nimepewa jengo la kwenu! Wizara ya Ujenzi inaleta ofisi ya vizazi na vifo hapo mjini kwenu, ghorofa tatu, kwenye kile kiwanja cha serikali kilichoota magugu nyuma ya posta. Watu hawatapoteza tena siku nzima safarini kutafuta cheti cha mtoto. Na msanifu wake ni mimi, yule yule uliyemfundisha kushika rula.

Nimeambatanisha mchoro. Mlango mkubwa unatazama barabara, ngazi pana iko mbele yake, na upande wa asubuhi kuna madirisha marefu ili makarani wasikae gizani kama popo. Nyuma nimeweka chumba cha majalada, kisha ukuta, kisha miti.

Sheria unaijua kuliko mimi. Serikali Kuu haiombi kibali cha ujenzi kwa halmashauri ya mji, inatakiwa kushauriana nayo tu. Barua rasmi itakuja kwa mkurugenzi wenu zamu yake ikifika, lakini afisa mipango miji hapo ni wewe, nikaona nianze na wa nyumbani. Unaonaje? Niambie ukweli, usinionee haya.

Mwambie mama nitamletea picha jengo likisimama. Shemeji msalimie, na aache kunitania kwamba nachora nyumba za njiwa.

Mdogo wako,
Msanifu


Nyumbani
19 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, na mama ameisoma kabla yangu ingawa bahasha iliandikiwa mimi. Mchoro ameubandika ukutani sebuleni, pale palipokuwa na kalenda, na kila anayeingia, hata fundi wa jokofu, anaelezwa ngazi iko wapi. Kalenda imehamia jikoni. Mimi nimechora mpango wa mji huu mtaa kwa mtaa, mwaka wa kumi na mbili sasa, na ramani yangu haijawahi kubandikwa hata chooni. Lakini hayo tuyaache.

Unaniuliza naonaje. Niseme nini mimi? Sisi tunaoshinda tukipima mitaro na kugombana na watu waliosogeza vibanda barabarani, tutamwambia nini mtu anayekaa ghorofa ya saba Wizarani?

Mchoro ni mzuri mno. Ngazi hiyo! Madirisha hayo! Kazi kama hii mji wetu haujawahi kuiona. Hata miti ya nyuma umeipanga vizuri. Mimi kama Afisa Mipango Miji sina pingamizi lolote, wala sina cha kuongeza. Jenga, mheshimiwa. Jenga kama ulivyochora.

Mama anakusalimu mara tatu. Shemeji yako anasema njiwa wamebahatika.

Dada yako,
Bi Futi (ndivyo mafundi wanavyoniita, kwa kuwa futi yangu haitoki mkobani)


Ofisi ya Mipango Miji
8 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine, ingawa najua wengine wana mbio kuliko posta. Leo asubuhi nimepiga alama ya X nyekundu kwenye jengo lako.

Usirushe barua hii. Soma kwanza. Mkandarasi wenu alizungushia kiwanja mabati mwezi uliopita, akachimba msingi, akaanza kuinua ukuta wa nyuma. Jana ilinyesha mvua ndogo tu, ya kuharibu nywele, na maji yakasimama nyuma ya mabati yenu kama bwawa. Leo nikaingia na futi. Ukuta wako uko mita sita ndani ya hifadhi ya mfereji wa maji ya mvua. Hifadhi yenyewe ina upana wa mita kumi na mbili. Umekula nusu nzima.

Msimamizi wa mkandarasi, jamaa mmoja wa kofia nyeupe, akanizuia getini. "Mama, hii ni mali ya serikali," akasema. Nikamwambia, "Na mimi hapa unanionaje, mali ya kanisa?" Mafundi wakacheka, nikapita, nikachovya brashi.

Mfereji ule unashusha maji yote ya vilima vya juu, na chini yake kuna nyumba arobaini na moja. Kabla hatujauchimba, maji yalikuwa yakiingia hadi vitandani, na mama mmoja alimfunga mtoto juu ya kabati hadi asubuhi. Nimetoa notisi: ujenzi usimame ndani ya siku saba, mpaka ukuta urudishwe.

Usinielewe vibaya. Hii ni kazi.

Dada yako,
Bi Futi


Makao makuu ya Wizara
15 Juni

Dada,

Nimeipata. Waziri ameipata kabla yangu, kwenye simu yake, picha ya X yako, kubwa kama mlango. Nimesimama mbele ya meza ya Katibu Mkuu kama mtoto aliyevunja kikombe. Akaniuliza huyo afisa ni nani. Nikamjibu ni afisa wa halmashauri. Sikuthubutu kusema ni nani yangu.

Kwanza, sheria. Masharti ya ujenzi ya mji yanambana mwananchi na yanaibana kampuni. Serikali Kuu hayaibani. Kila halmashauri ingekuwa na uwezo wa kupiga rangi kwenye kuta za taifa, gereza lingejengwa wapi? Na jalala? Kila mji ungesema peleka kwa jirani. Wajibu wetu ni kushauriana. Na tulishauriana, dada. Karatasi ninayo.

Pili, ulikuwa wapi Februari? Mchoro wangu umekaa ukutani kwako miezi minne. Umekula ukiutazama. Leo Juni, ukuta umesimama na watu wanatazama, ndipo unaona mita sita?

Nitalisema kwa kuwa wewe hutalisema. Hicho ni kijicho. Uliomba kazi Wizarani mara tatu wakakukatalia mara tatu, mimi nikaomba mara moja wakaniita. Sikukunyang'anya kiti. Hata hivyo kila nikipanda ngazi moja, nakuta mkono wako umeshika pindo la gauni langu.

Futa ile X.

Msanifu, Wizara ya Ujenzi


Nyumbani
24 Juni

Mdogo wangu, kama bado unataka kuitwa hivyo,

Leo wakili wa Wizara yenu amekuja. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa, amebeba jalada kifuani kama mtoto mchanga. Tukakaa chumba cha mikutano: yeye, mkurugenzi wangu, na mimi na futi yangu mezani. Akafungua karatasi namba kumi na nne, "Maoni ya Mamlaka ya Mipango ya Mahali." Nikaona mwandiko wangu.

Mwandiko wangu wa nyumbani! Muhuri wa Wizara umekanyaga neno "mheshimiwa". Ulikuwa ukurasa wa pili peke yake. Ukurasa wa kwanza, wenye kalenda na fundi wa jokofu, haukuwemo. Na yale maneno ya shemeji yako kuhusu njiwa yamefunikwa kwa karatasi nyeupe wakati wa kutoa nakala. Wakili akasoma kama anayesoma taarifa ya habari: "Mimi kama Afisa Mipango Miji sina pingamizi lolote." Mkurugenzi akanigeukia polepole, na mimi nikatazama dari.

Wewe! Umenisikiliza tangu hujui kufunga kiatu. Unajua nikikuita mheshimiwa nina maana gani. Nilikuvisha kilemba cha ukoka, nawe umekipeleka kwa wakili kama hati ya kiwanja.

Sasa nimepewa barua ya kujieleza: kwa nini niliidhinisha kwa kalamu nikapinga kwa brashi. Nikisema barua ile ilikuwa ya kikazi, basi X yangu ni ya chuki. Nikisema ilikuwa kejeli, basi mimi ni afisa anayefanya mzaha na usalama wa watu. Huku nimeumia, kule nimeumia. Miaka kumi na mbili yote inaning'inia kwenye karatasi namba kumi na nne.

Umesema kijicho. Ndiyo, nakuonea wivu, nimeliandika, sasa uwe na furaha. Nakuonea wivu kwa ghorofa ya saba na kwa kuitwa mara moja tu. Mama akitaka kuniita anaanza na jina lako, kisha anajisahihisha. Donge hilo ninalo na halimezeki. Lakini mvua ikija haitauliza nani anamwonea nani wivu, na nyumba arobaini na moja hazijakukosea kitu.

Mama ameacha kukaa nasi mezani. Anakula chumbani, mlango umefungwa. Anasema tumemwaibisha wote wawili.

Dada yako


Makao makuu ya Wizara
2 Julai

Dada,

Rufaa yetu dhidi ya notisi yako itasikilizwa huku tarehe 20, mbele ya Baraza la Rufaa za Mipango. Nimezungumza na wakili, na nakuandikia bila yeye kujua.

Usije. Andika mstari mmoja tu: barua ya Februari ilikuwa maoni yako ya kikazi, na notisi ya Juni ilitokana na kosa la vipimo. Halmashauri itakupa onyo na kazi yako itabaki. Sisi tutapitisha bomba kubwa chini ya ukuta wa nyuma. Mhandisi anasema linaweza kutosha. Alisema "linaweza", nami sikumuuliza zaidi.

Ukisema ulikuwa unanikejeli, utafukuzwa. Na mimi nitaulizwa kama nilijua.

Unadhani wivu ni wako peke yako? Mama akinipigia simu tunaongea dakika ishirini, na kumi na nane ni zako. Ulivyomrudishia mjane njia yake. Unavyosimamishwa kila hatua ukienda sokoni, huyu anauliza mpaka wa kiwanja, yule anakuonyesha mtaro ulioziba. Mimi nimesanifu majengo kumi na moja, na hakuna hata mtu mmoja anayeingia humo anayejua kama nipo duniani. Nikipita mbele yake, mlinzi ananiuliza nina shida gani. Nilipopewa kiwanja cha mji wako nilifurahi kupita kiasi, na si kwa ajili ya watoto na vyeti vyao. Nilitaka kitu changu kisimame katikati ya mji wako, kirefu, upite hapo kila siku utake usitake.

Mstari mmoja, dada. Nakuomba.

Mdogo wako


Ofisi ya Mipango Miji
16 Julai

Kwa Mwenyekiti, Baraza la Rufaa za Mipango
Nakala: Mkurugenzi wa Halmashauri, Msanifu, Wizara ya Ujenzi

YAH: BARUA YANGU YA 19 FEBRUARI

Mheshimiwa Mwenyekiti (na hapa neno hilo nalitumia kwa maana yake),

Naleta maelezo haya kwa maandishi badala ya kufika mwenyewe, kwa sababu mbele ya mdogo wangu nitajitetea, na nikijitetea nitaongopa.

Karatasi namba kumi na nne si maoni ya kikazi. Haina kumbukumbu namba, haina muhuri wa halmashauri, na mkurugenzi hakuiona. Niliiandika jikoni kumjibu ndugu yangu wa tumbo moja. Sifa zilizomo ni kejeli. Ukurasa wa kwanza ungewekwa jaladani, hata mgeni angeelewa.

Nimeshauriwa hapa ofisini niishie hapo, niseme ulikuwa utani wa ndugu. Siwezi kuishia hapo.

Siku ile mchoro ulipofika, nilichukua rula nikaupima. Ilinichukua dakika tano. Nikaona ukuta wa nyuma umeingia mita sita kwenye hifadhi ya mfereji, na pale ambapo maji yanapita amechora miti. Nikafunika kalamu. Sikumwambia. Aliniomba ukweli kwa maneno hayo hayo, "niambie ukweli", nami siku chache baadaye nikamwandikia sifa. Nilitaka ajenge, akosee mbele ya watu, na mimi niwe ndiye niliyegundua. Mkandarasi alipoanza kuchimba bado nilingoja wiki tatu, nikipita kila siku nikijitia sioni, ili ukuta uinuke kwanza uonekane vizuri. Nilifanya hivyo kwa wivu. Sina neno lingine la kikazi la kuliita.

Mfereji ule niliuchora mwenyewe. Nyumba arobaini na moja zilizo chini yake nazijua kwa milango yake. Nilikuwa tayari kuziweka rehani kwa miezi minne ili nimwone mdogo wangu akiaibika.

Sidai kwamba Serikali Kuu ipige foleni kwenye dirisha letu kuomba kibali. Sheria haisemi hivyo. Lakini sheria inasema itashauriana na mji, na mji haukuulizwa. Aliulizwa dada. Wizara ilikosea kwa kuuliza sebuleni, na mimi nilikosea kwa kujibu uongo. Naomba ukuta urudishwe nyuma ya mpaka wa hifadhi, na adhabu yangu iamuliwe na wanaohusika.

Wako mtiifu,
Afisa Mipango Miji


Makao makuu ya Wizara
24 Julai

Dada,

Uamuzi ulitoka jana. Utaletewa ukiwa na mihuri yake, lakini wacha uusikie kwangu. Baraza limesema Serikali Kuu haihitaji kibali cha halmashauri, kwa hiyo hapo Wizara imeshinda na wakili amepeana mikono na watu. Kisha likasema kushauriana maana yake ni kupeleka michoro kwa halmashauri yenyewe, kungoja jibu lake lenye muhuri, na kulizingatia kwa dhati au kueleza kwa maandishi kwa nini halikuzingatiwa. Karatasi namba kumi na nne limeiita barua ya ndugu. Imetolewa jaladani.

Ukuta wa nyuma unavunjwa. Jengo linasogezwa mita sita kuelekea barabarani, na ngazi yangu haina tena mahali pa kukaa. Msanifu mwingine atachora upya, na safari hii atawaandikia rasmi. Mimi nimehamishiwa kitengo cha ukarabati, nakagua vyoo vya ofisi za zamani. Nimesikia umesimamishwa miezi mitatu. Nilidhani watakufukuza. Usiniulize kama nilifurahi au nilisikitika, kwa sababu vyote vilikuja pamoja.

Utakuwa umeambiwa kwamba nilisimama ukumbini nikasema nilijua. Ni kweli. Nilisema, "Nimemsikia dada yangu akikejeli maisha yangu yote. Nilipoisoma barua hii nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikatenga ukurasa wa pili." Mwenyekiti akauliza kwa nini basi niliipeleka. Nikasema jibu rasmi lingechukua miezi, na mimi nilikuwa na haraka ya kumwonyesha mtu. Wakili akafunika uso kwa jalada.

Shemeji amenipigia akasema nimefanya ushujaa. Mama akachukua simu, akalia, akasema Mungu amemrudishia watoto wake. Waache waamini hivyo. Lakini wewe umeandika yako yote bila kubakiza, na sitaki uishi ukidhani nilisimama kwa ajili ya ukweli, au kwa ajili ya zile nyumba, au kwa ajili yako.

Karani ndiye aliyesoma maelezo yako kwa sauti. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, faili magotini. Alipofika pale "Nikafunika kalamu. Sikumwambia", mjumbe mmoja wa Baraza, bibi wa makamo, akavua miwani akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mama ni mtu." Na watu wakaitikia kwa vichwa, hata watu wa Wizara yangu, hata Katibu Mkuu. Nilipaswa kukasirika kwamba uliona kosa langu ukaninyamazia. Sikuwaza hilo kabisa. Nilisikia wivu, dada. Wivu mtupu. Nimekaa katika mji wangu, katika ukumbi wangu, kati ya watu ninaofanya nao kazi kila siku, nawe hukufika hata mlangoni, na bado wanaitikia kwa heshima kwa ajili yako. Hata kwenye kukiri umenitangulia.

Ndipo nikasimama.

Mdogo wako